Nyuzi Ishirini na Nane

Chicoutimi, wiki ya tatu ya Mei.
Theluji ya mwisho imejikunyata nyuma ya banda,
nyeusi, kama mgeni asiyejua kuaga.
Mzee Fernand Gaudreault ananipokea na sepetu mkononi:
"Mtaro nimeshauchimba. Hiyo uitoe kwenye hesabu."

Naingiza futi ya chuma. Inchi kumi.
"Sheria inataka kumi na nane, Mzee."
Anautazama mtaro, ananitazama mimi,
fundi umeme wa umri wa bintiye,
kisha anarudi kuchimba bila neno,
akihema kwa mapafu yaliyokula vumbi la kiwanda cha alumini
miaka thelathini na mmoja.

Bwawa ni la duara, limesimama juu ya ardhi,
lita elfu hamsini za maji ya kijani
yaliyolala kwenye nyuzi kumi na nne.
Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo
huna budi kuyaoga.
Wahenga hawakuwahi kuchovya unyayo humu.

"Si anasa," anasema, ingawa sikuuliza.
Nyonga ya Réjeanne imebadilishwa Februari,
ya kushoto, sasa ni chuma na plastiki,
na daktari kamwambia atembee ndani ya maji ya uvuguvugu
nusu saa kila siku.
Bwawa la manispaa lipo. Lina watu wa kumwangalia.
Réjeanne hapendi kuangaliwa.

Yuko dirishani sasa hivi, anafuma,
nasi hatumwangalii.

Nafanya kazi.
Hita naipachika baada ya chujio, kabla ya klorini,
maana klorini hula shaba kama panya alavyo sabuni.
Waya mwekundu, waya mweusi, swichi ya ampea sitini,
kisha ule wa shaba tupu, usiobeba kitu siku zote njema,
nauzungusha kwenye ngazi, pampu, ukuta wa bati,
nikivifunga vyuma vyote viwe na neno moja,
kisije kimoja kikajua siri asiyoijua mwenzake
na mwogaji akawa njia ya kuipitisha.

Saa tisa alasiri nawasha.
Tak. Swichi imejikata.
Nawasha tena.
Tak.
Mzee anaandika kitu kwenye daftari lake la bei za umeme.
Nafungua kisanduku cha maungio,
kile nilichokifunga mwenyewe, mbele yake, kwa maringo,
na humo, kati ya skrubu mbili,
konokono wa ukubwa wa punje ya dengu,
aliyeingia tulipokuwa tunakula mkate
akaunganisha alichokuwa hana idhini ya kukiunganisha.
Ameiva.

"Huyo," anasema Fernand, "usinilipishe."
Kicheko cha kwanza tangu asubuhi.
Kimetoka dirishani.

Mara ya tatu hita inavuma, sauti ndogo, ya nyuki aliye mbali.
Namweleza: kila nyuzi moja ni saa tano na ushee,
usiku afunike bwawa, mita itakimbia, asishtuke.
Anakokotoa. Midomo inamcheza.
Anafikia jumla, anaipigia mstari mara mbili,
anaikodolea macho,
halafu anafungua ukurasa mpya.

Joto hupimwa kwa nyuzi; na sweta nayo ni nyuzi.
Nilipoondoka jioni bibi alikuwa na zake, bwawa na zake,
na hapakuwa na aliyeharakisha.

Hundi imefika Jumanne
ndani ya bahasha iliyowahi kutumika.
Amekata dola arobaini: mtaro.
Amekata dola tano: konokono.
Pembeni, kwa penseli, kwa mwandiko usio wake,
28,
na kando ya namba karatasi imevimba kiduara
mahali tone lilipodondokea, likakauka.